Kupima kisafirishi cha serotonini kwa PET: utajuaje kama namba yako inaaminika?

Mlaze mtu mwenye afya kwenye mashine ya PET, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia mnururisho, leo asubuhi, mpime kisafirishi cha serotonini ubongoni, kisha mwite tena baada ya wiki mbili umpime upya. Hajaugua, hajameza dawa yoyote, maisha yake ni yale yale. Hata hivyo namba ya pili haitalingana na ya kwanza. Lazima ujue zimeachana kwa kiasi gani, na kwa nini, kabla hujathubutu kusema kwamba wagonjwa fulani "wana visafirishi vichache" kuliko watu wengine.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyekabidhiwa data za aina hii, na kwa daktari anayesoma makala za utafiti akitaka kuzipima mwenyewe. Mashine za PET zilizopo Afrika Mashariki zinatumika zaidi kwa wagonjwa wa saratani, na kazi kubwa ya kupima serotonini imefanyika Toronto, New York, Copenhagen na Stockholm. Lakini picha zikishapigwa, uchambuzi unahitaji kompyuta, programu za bure na kichwa kilichotulia. Hayo unaweza kuwa nayo Dodoma au Eldoret.

Kinachopimwa ni nini hasa

Serotonini ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Ikishamwagwa kwenye upenyo kati ya seli mbili, kuna protini kwenye utando wa seli iliyoitoa ambayo huizoa na kuirudisha ndani. Hiyo ndiyo kisafirishi cha serotonini, kwa kifupi SERT, na hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo SLC6A4. Dawa za sonona kama fluoksetini na sitalopramu hufanya kazi kwa kuiziba.

Katika kipimo cha PET, mtu huchomwa sindano ya kifuatilizi, yaani molekuli inayonata kwenye SERT na iliyobebeshwa atomu yenye mnururisho. Atomu hiyo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha fotoni mbili zenye nishati ya keV 511, zikikimbilia pande mbili zinazopingana. Mashine huzinasa fotoni hizo kwa jozi na kukokotoa zilikotoka.

Namba inayotolewa mwishoni huandikwa BPND. Nitaiita uwezo wa kunasa. Ni uwiano kati ya kifuatilizi kilichonata kwenye SERT na kile kinachoelea kwenye tishu bila kunata popote, mambo yakiwa yametulia. Uwezo wa kunasa ukiwa 2, maana yake kwa kila sehemu moja inayoelea kuna sehemu mbili zilizonata. Ni muhimu ulishike hili: hatuhesabu visafirishi kimoja kimoja. Tunapata uwiano, na uwiano huyumba mojawapo ya pande zake ikiyumba.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufungua data

Kipimo kinaweza kutosha kwa swali moja na kushindwa kabisa kwa jingine. Angalia mifano miwili ya kweli.

Mwaka 2004 watafiti wa Toronto walichapisha matokeo ya watu waliokuwa wakitumia dawa tano: sitalopramu, fluoksetini, setralini, paroksetini na venlafaksini. Kwa dozi ya chini kabisa inayotibu, dawa hizo ziliziba takribani asilimia 80 ya SERT. Badiliko la ukubwa huo ni kama nyumba iliyoezuliwa paa, huhitaji kipimo cha ajabu kuliona. Hata kama kipimo chako kinayumba kwa asilimia 5 au 10, utaliona.

Sasa chukua swali la pili: je, watu wenye sonona wana SERT tofauti na watu wenye afya? Hapo vikundi vinavyoheshimika vilifika mahali tofauti. New York waliripoti kupungua. Watafiti wa Bethesda, Marekani, waliripoti kuongezeka katika baadhi ya maeneo, ikiwemo thalamasi, eneo la katikati ya ubongo. Toronto hawakuona tofauti ya jumla, ila waliona uwezo mkubwa zaidi wa kunasa kwa wagonjwa wenye mawazo hasi mazito. Inawezekana sonona yenyewe ni magonjwa kadhaa yaliyopewa jina moja. Lakini tofauti inayotafutwa ni ndogo kiasi kwamba kuyumba kwa kipimo, kifuatilizi kilichotumika na namna ya kukokotoa vinaweza kuimeza au hata kuigeuza.

Kwa hiyo andika sentensi moja: ninatafuta badiliko la dawa, au tofauti kati ya makundi, au badiliko la mtu mmoja mmoja? Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Hatua ya 2: Kijue kifuatilizi chako

Cha kwanza kutumika sana kwa binadamu kilikuwa McN5652 chenye kaboni-11. Kasoro yake ni kwamba hunata sana hata mahali pasipo na SERT, na huchukua muda mrefu kutulia. Kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, ambako SERT ni haba, ishara yake hufunikwa na makelele, yaani kuyumba kwa namba kusiko na maana.

Karibu mwaka 2000 Toronto walileta kifuatilizi kiitwacho DASB, ambayo ndiyo imetumika zaidi tangu wakati huo. Stockholm walitumia MADAM, inayokaribiana nayo kitabia. Ukisoma makala ya zamani iliyotumia McN5652 na mpya iliyotumia DASB, usizilinganishe namba zake kana kwamba zimetoka kwenye mizani moja.

Kaboni-11 ina nusu-maisha ya dakika 20.4. Ndiyo maana ni lazima itengenezwe karibu na chumba cha kipimo. Piga hesabu: baada ya dakika 90, ambao ni muda wa kawaida wa kipimo cha DASB, mnururisho uliobaki ni chini ya asilimia 5 ya ule wa mwanzo. Ukirefusha hadi dakika 120, unabaki chini ya asilimia 2. Picha za mwisho, ambazo modeli (hesabu inayogeuza picha kuwa uwezo wa kunasa) huzihitaji ili kujua kifuatilizi kinaondokaje, ndizo zenye makelele mengi kuliko zote. Ukikatisha kipimo mapema unapoteza taarifa, na ukikirefusha unakusanya vumbi.

Kagua pia kiasi cha molekuli zilizochomwa zisizo na mnururisho. Zikiwa nyingi, zenyewe zinakalia SERT na kushusha namba. Ikiwa sindano ya kwanza na ya pili zimetofautiana sana kwa hilo, umejipangia tofauti ya uongo.

Hatua ya 3: Panga vipimo viwili kwa mtu yule yule

Njia ya kujua uthabiti ni kupima na kupima tena bila kufanya chochote katikati. Muda kati ya vipimo ubebe maana ya swali lako. Vipimo viwili vya siku moja vinakuonyesha makelele ya mashine na ya hesabu. Vipimo vilivyoachana kwa wiki kadhaa vinaongeza mabadiliko ya mwili wenyewe. Kama utafiti wako utapima watu kabla na baada ya tiba ya wiki nane, uthabiti uliopatikana kwa vipimo vya siku moja utakupa moyo usiostahili.

Majira ya mwaka nayo yamo. Toronto waliripoti mwaka 2008 kwamba uwezo wa kunasa wa DASB kwa watu wenye afya ulikuwa juu zaidi katika miezi ya vuli na baridi kuliko ya machipuko na kiangazi. Copenhagen nao waliona uhusiano na majira, ukitegemea aina ya jeni ya SERT aliyonayo mtu. Sisi tulio karibu na ikweta, ambako mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, ni rahisi kulisahau jambo hili tunapochambua data za kaskazini. Tarehe ya kipimo iwe safu mojawapo kwenye jedwali lako tangu siku ya kwanza.

Hakikisha pia washiriki hawatumii dawa zinazoziba SERT, na ulizia matumizi ya MDMA, dawa ya kulevya iitwayo pia ecstasy, maana inahusishwa na kupungua kwa SERT.

Hatua ya 4: Safisha picha, na uandike kila ulichofanya

Hapa ndipo uthabiti hupotea bila mtu kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na kichwa kutikisika. Dakika 90 ni nyingi kwa mtu aliyelala chali na kitu kichwani. Kichwa kikisogea milimita chache, sehemu ya ishara ya ubongo wa kati huhamia kwa jirani yake. Linganisha kila fremu, yaani kila picha ya kipande kimoja cha muda wa kipimo, na fremu ya rejea, rekebisha, kisha chora mchoro wa kusogea kwa kila mtu na uutazame kwa macho yako. Mtu aliyesogea sana kwenye kipimo cha pili pekee anaweza kuharibu wastani wa kundi dogo.

Kisha pandanisha picha ya PET na ya MRI, inayoonyesha umbo la ubongo, ya mtu huyo huyo. Kwa data za SERT kazi hii si rahisi: mwanzoni picha inaonyesha mtiririko wa damu, mwishoni inaonyesha maeneo yenye SERT, na hizo ni sura mbili tofauti za ubongo mmoja. Wengine hutumia wastani wa fremu zote, wengine fremu za mwanzo tu. Chagua moja, itumie kwa kila mtu, na kagua kila mpandano kwa macho.

Baada ya hapo gawa maeneo ya ubongo. Programu ya bure iitwayo FreeSurfer hufanya hivyo kwa kompyuta, nami napendelea hivyo kuliko kuchora kwa mkono, kwa sababu mkono wa mtu huchoka na kubadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Mwisho ni marekebisho ya ukubwa mdogo. Mashine haioni kwa ukali usio na kikomo. HRRT, mashine maalumu ya ubongo, hufikia takribani milimita 2.5, na za kawaida za hospitali ni butu zaidi. Eneo dogo humwaga ishara yake nje na kupokea ya jirani. Kuna hesabu za kurekebisha hilo, lakini hukuza makelele pamoja na ishara. Ukizitumia, fanya uchambuzi mara mbili, pamoja na hizo na bila hizo, uone matokeo yanahama kiasi gani.

Kwa nini nasisitiza? Mwaka 2019 kundi la Copenhagen lilichukua vipimo vya DASB vya watu 30 waliopimwa mara mbili, likavichambua kwa njia 384. Namba hiyo imetokana na kuzidisha machaguo ya kawaida kabisa: 2 ya kusogea kwa kichwa, 4 ya kupandanisha, 3 ya kugawa maeneo, 4 ya ukubwa mdogo na 4 ya modeli. Data ni zile zile, watu ni wale wale, lakini matokeo yalitofautiana kulingana na njia, na njia bora kwa eneo moja haikuwa lazima iwe bora kwa jingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "DASB ina uthabiti mzuri", muulize: kwa njia ipi, eneo gani?

Hatua ya 5: Eneo la rejea na modeli

Ili kukwepa kutoboa mshipa wa ateri na kupima damu muda wote wa kipimo, tunatumia eneo lisilo na SERT kama kipimo cha kile kinachoelea bila kunata. Kwa DASB eneo hilo ni kijivu (tishu yenye miili ya seli za neva) cha serebelamu, ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa. Sehemu yake ya katikati, vemisi, lazima iondolewe kwa sababu ina SERT. Ondoa pia ukingo wa juu unaopokea ishara kutoka gamba la nyuma la ubongo.

Tatizo ni kwamba hata kijivu cha serebelamu si tupu kabisa. Kina SERT kidogo, na kidogo hicho hushusha kila namba yako. Mizani ya sokoni inayopunguza gramu 50 kila mara ni thabiti kweli, lakini si sahihi. Uthabiti na usahihi ni mambo mawili, na kupima mara mbili hukuonyesha la kwanza tu. Kikundi cha wagonjwa kikiwa na SERT nyingi au chache kwenye serebelamu yenyewe, utaona tofauti ubongo mzima ambayo haipo. Linganisha basi mikondo ya serebelamu, yaani jinsi mnururisho wake unavyopanda na kushuka kwa muda, kati ya makundi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa modeli, ile iitwayo MRTM2, iliyobuniwa na mtafiti Ichise, imetumika sana kwa DASB. Hufanya kazi kwa awamu mbili: kwanza hukadiria kasi ambayo kifuatilizi huondoka kwenye eneo la rejea, kwa msaada wa maeneo yenye SERT nyingi, kisha huifunga namba hiyo na kuitumia kila mahali. Hilo hupunguza kuyumba. Ila namba iliyofungwa ikikosewa, kosa litasambaa kwa utulivu kwenye maeneo yote, kwa hiyo ichunguze kwa kila mtu. Ukitumia lugha ya programu ya R, kifurushi cha kinfitr kina modeli hii.

Hatua ya 6: Piga hesabu kwa mkono, mara moja tu

Nimetunga namba za watu watano, thalamasi, kipimo cha kwanza na cha pili:

A: 2.10 na 2.00
B: 1.80 na 1.90
C: 2.40 na 2.30
D: 2.00 na 2.12
E: 1.70 na 1.64

Kwanza tafuta asilimia ya kuachana. Kwa kila mtu chukua tofauti bila kujali alama, gawa kwa wastani wa vipimo vyake viwili, zidisha kwa 100. A ni 0.10 kugawa kwa 2.05, yaani asilimia 4.9. Wastani wa wote watano ni asilimia 4.8.

Pili, kosa la kipimo. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha (utapata 0.048), gawa kwa mara mbili ya idadi ya watu, yaani 10, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 0.069.

Tatu, badiliko dogo kabisa unaloweza kuliamini kwa mtu mmoja. Zidisha kosa la kipimo kwa 2.77, namba inayotokana na 1.96 mara kipeuo cha pili cha 2. Unapata 0.19, ambayo ni karibu asilimia 10 ya wastani wa kundi. Mtu aliyetoka 2.00 hadi 1.88 baada ya tiba, huwezi kusema amebadilika.

Nne, ICC (kwa Kiingereza intraclass correlation coefficient). Hii hulinganisha tofauti za kweli kati ya watu na jumla ya mtawanyiko wote, makosa yakiwemo. Kwa data hizi ni 0.93, na wengi wangeshangilia.

Subiri kidogo. Acha tofauti za kila mtu zibaki zile zile, ila badilisha wastani wao uwe 2.05, 1.95, 2.02, 2.06 na 1.92. Kosa la kipimo halijaguswa, bado ni 0.069. Mashine ni ile ile. Lakini ICC inaporomoka hadi 0.23. Sababu ni kwamba sasa watu wanafanana, na kipimo hakiwezi tena kuwapanga kwa mfuatano. ICC ni sifa ya kipimo pamoja na watu waliopimwa. Usiikope kutoka kundi la vijana wenye afya ukaibandika kwa wagonjwa wako, na usiiripoti bila kosa la kipimo pembeni yake.

ICC ndogo ina gharama ya kweli. Ikiwa 0.5, utahitaji takribani mara mbili ya washiriki ambao ungehitaji kama kipimo kingekuwa kamilifu. Kwa kipimo cha gharama hii, kinachomwingizia mtu mnururisho mwilini, hilo si jambo la takwimu peke yake. Ni suala la haki kwa wanaojitolea.

Hatua ya 7: Toa hukumu kwa kila eneo peke yake

Thalamasi, pamoja na kaudati na putameni, viini viwili vilivyo ndani ya ubongo, ndiyo mahali pazuri: SERT ipo ya kutosha, na maeneo ni makubwa kiasi. Anza kukagua kazi yako hapo. Ikiwa hapo panayumba, rudi hatua ya 4.

Viini vya rafe, kwenye ubongo wa kati na shina la ubongo, vina SERT nyingi kuliko mahali pengine popote, na ndiko serotonini ya ubongo inakoanzia. Kila mtu anavitaka. Lakini ni vidogo, havionekani vizuri kwenye MRI ya kawaida, na kichwa kikitikisika kidogo tu vinaponyoka. Ishara kubwa isikudanganye.

Gamba la ubongo lina SERT haba, na uwezo wa kunasa huko kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya 1. Ukiwa 0.20 na vipimo viwili vikaachana kwa 0.04, tayari ni asilimia 20. Hapo asilimia inatisha kuliko hali halisi, kwa hiyo soma na kosa la kipimo lenyewe. Hata hivyo, dai la tofauti ndogo kwenye gamba, kwa watu kumi na watano kila upande, mimi silipokei mpaka nione limerudiwa kwingine.

Hatua ya 8: Unapoandika, na unaposoma ya wengine

Panga data kwa PET-BIDS, mfumo sanifu wa kupanga na kutaja mafaili ya PET, ili mwingine aweze kuzifungua bila kukupigia simu. Taja kifuatilizi, dozi na kiasi cha molekuli zisizo na mnururisho, urefu wa kipimo, mashine, jinsi ulivyorekebisha kusogea, mipaka ya serebelamu, modeli, na toleo la kila programu. Amua njia yako ya uchambuzi kabla ya kuona ni nani mgonjwa na ni nani mzima. Ukiwa na njia 384 mkononi na jibu unalolitamani moyoni, utalipata, na hutajua kwamba ulilitafuta.

Unaposoma makala ya mtu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Tafuta vemisi: iliondolewa? Tafuta urefu wa kipimo. Kisha chukua tofauti waliyoiripoti kati ya makundi, ilinganishe na mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa makundi yao, halafu tafuta kosa la kipimo la eneo hilo kwa kifuatilizi hicho. Kama wametumia kosa lililopimwa kwenye mashine nyingine, kwa modeli nyingine, kwa watu wa umri mwingine, waandikie waandishi uwaulize kama walipima washiriki wao wenyewe mara mbili. Anwani ya mwandishi wa mawasiliano imewekwa pale kwa kazi hiyo.